Usiku wa Drury Lane: maswali yanayoulizwa mara kwa mara kuhusu jumba kongwe la maigizo la London na ratiba zake

Drury Lane ni jumba gani, na kwa nini linaitwa la kifalme?

Ni jumba la maigizo lililo katikati ya London, jirani na Covent Garden, ambalo lilifungua milango yake kwa mara ya kwanza tarehe 7 Mei 1663. Jina lake kamili ni Theatre Royal Drury Lane. Bunge lilikuwa limepiga marufuku maigizo mwaka 1642, na Mfalme Charles II aliporejea kutawala mwaka 1660 alitoa ruhusa kwa watu wawili tu, Thomas Killigrew na William Davenant, ili kila mmoja awe na kundi lake la waigizaji katika jiji hilo. Hati ya Killigrew ndiyo iliyozaa Drury Lane, na ile ya Davenant ikaja kuishia katika jumba pinzani lililoitwa Covent Garden. Haki hiyo ya watu wachache kuonyesha tamthilia za maneno matupu, zisizotegemea nyimbo na dansi, ilidumu mpaka sheria ya mwaka 1843 ilipoiondoa.

Hati hizo zilileta pia jambo ambalo Waingereza hawakuwa wamelizoea kabla ya hapo, nalo ni wanawake kupanda jukwaani wenyewe badala ya nafasi zao kuchezwa na wavulana.

Je, jengo la leo ndilo lile lile la mwaka 1663?

Hapana. Hili ni la nne mahali palepale. La kwanza liliungua Januari 1672, la pili likafunguliwa mwaka 1674 na kutumika zaidi ya karne moja hadi lilipobomolewa mwaka 1791, la tatu likafunguliwa mwaka 1794 na kuungua mwaka 1809, na la nne, lililochorwa na Benjamin Wyatt, lilianza kazi tarehe 10 Oktoba 1812 kwa tamthilia ya Hamlet. Majibu mengi yafuatayo yanahusu zaidi miaka ya David Garrick, aliyeliongoza jumba kuanzia 1747 hadi 1776, na miaka ya Richard Brinsley Sheridan aliyemfuata, kwa sababu hicho ndicho kipindi ambacho desturi za usiku wa Drury Lane zilikomaa na ambacho ratiba zake tunazijua vizuri.

Mtu aliyekwenda Drury Lane usiku mmoja alitazama nini hasa?

Swali hili lijibiwe kwa kirefu, kwa maana hapa ndipo wasomaji wengi wa leo wanapokosea. Sisi tunakwenda kutazama tamthilia moja, ikiisha tunarudi nyumbani. Mtu wa London wa mwaka 1760 alikwenda kutazama usiku mzima, na tamthilia kubwa ilikuwa kiungo kimoja tu cha usiku huo.

Milango ilifunguliwa kwa kawaida kama saa kumi na moja jioni, na onyesho likaanza saa kumi na mbili au muda mfupi baadaye. Watu walipokuwa wakiingia na kugombea nafasi, wapiga ala walipiga vipande vitatu vya muziki, ambavyo vilikuwa kama saa ya jumba, kwa kuwa kila aliyevizoea alijua kwa kuvisikia amebakiwa na dakika ngapi. Baada ya muziki mwigizaji mmoja alitokea mbele ya pazia na kughani shairi la utangulizi, hasa ikiwa tamthilia ni mpya. Hapo pazia lilipanda, na likishapanda halikushuka tena mpaka tamthilia iishe, kwa sababu mandhari zilibadilishwa mbele ya macho ya watazamaji, kwa mbao zilizochorwa ambazo zilitelezeshwa kwenye njia zake kutoka pande mbili za jukwaa. Filimbi ikilia, msitu uligawanyika katikati na nyuma yake ukatokea ukumbi wa kasri.

Mchezo mkuu ulikuwa na sehemu tano, na kati ya sehemu na sehemu hadhira haikuachwa ikae bure. Kulikuwa na wimbo, au dansi ya mabaharia, au kipande cha fidla, hata kama mchezo wenyewe ulikuwa tanzia ya kutoa machozi. Mchezo mkuu ulipomalizika, mara nyingi mwigizaji wa kike alikuja kusema shairi la kufungia, lenye utani na maneno ya kuwabembeleza watazamaji waipokee kazi kwa wema. Kisha ukafuata mchezo wa nyongeza, ambao ulikuwa futuhi ya sehemu mbili, au mchezo mfupi wa nyimbo, au pantomimu, yaani mchezo wa ishara na vituko, yenye mchekeshaji aitwaye Harlequin, mizinga ya bandia na mitambo ya kuwatokomeza watu sakafuni. Usiku wa namna hiyo uliweza kuchukua saa nne au tano. Aliyemwona Hamlet akifa saa tatu usiku alikuwa akicheka kwa sauti kabla ya saa nne na nusu, wala hakuona ajabu yoyote katika hilo.

Kwa maoni yangu, anayezisoma tamthilia za karne ya 18 bila kujua mpangilio huu anazisoma nusu. Mwandishi alijua kwamba baada ya kazi yake kutakuwa na vichekesho, na mwigizaji alijua kwamba sehemu ya hadhira itaingia katikati ya mchezo.

Kwa nini waingie katikati? Kiingilio kilikuwa kiasi gani?

Katikati ya karne ya 18 viingilio vya kawaida vilikuwa shilingi 5 kwa vijumba vya pembeni walikokaa matajiri, shilingi 3 kwa mabenchi ya uwanda wa chini mbele ya jukwaa, shilingi 2 kwa roshani ya kwanza na shilingi 1 kwa roshani ya juu kabisa. Kibarua wa London wakati huo alipata takriban shilingi 2 kwa siku, kwa hiyo hata roshani ya juu ilikuwa nusu ya ujira wake wa siku nzima.

Ndiyo maana desturi ya nusu bei ilithaminiwa sana. Mtu aliyefika baada ya sehemu ya tatu ya mchezo mkuu alilipa nusu, akaona sehemu mbili za mwisho na mchezo wa nyongeza wote. Wanafunzi wa sheria, makarani na wauza maduka waliofunga kazi jioni waliihesabu nusu bei kuwa haki yao. Mwenye jumba akijaribu kuiondoa, alikuwa anatafuta balaa.

Balaa la namna gani?

Tarehe 25 Januari 1763 Drury Lane ilitangaza mchezo uliokarabatiwa kutoka kwa Shakespeare na kwamba nusu bei isingekubaliwa usiku huo. Kundi lililoongozwa na bwana mmoja aitwaye Thaddeus Fitzpatrick lilisimama uwandani na kumtaka Garrick aeleze kwa nini mtu asilipe nusu baada ya sehemu ya tatu. Garrick alijaribu kujieleza, wakakataa kumsikiliza. Mabenchi yaling'olewa, vinara vya vioo vikavunjwa, na onyesho likafutwa. Mtu mmoja alipotaka kuyachoma moto mapambo ya jukwaa, mwigizaji John Moody alimwahi na kumzuia.

Usiku uliofuata wazushaji vurugu walirudi. Garrick alikubali masharti yao yote kuhusu bei. Kisha wakamtaka Moody apige magoti na kuomba radhi kwa kosa la kumzuia mwenzao asiliteketeze jumba lenye mamia ya watu ndani yake. Moody alikataa katakata kupiga magoti, na alipotoka jukwaani Garrick alimkumbatia. Hata hivyo Garrick alilazimika kuwaahidi watazamaji kwamba Moody hataonekana jukwaani mpaka hasira zao zipoe. Katika habari hii tunaona mamlaka yalikuwa kwa nani. Meneja, ambaye alikuwa mwigizaji mashuhuri kuliko wote Uingereza, alitawala jukwaa tu, na kila kilichokuwa upande wa pili wa taa za mbele kilikuwa mali ya hadhira.

Je, vurugu zilikuwa za kawaida kila usiku?

Hapana, na si haki kulichora jumba hili kama uwanja wa fujo. Nyakati nyingi watu walikaa, wakasikiliza kwa makini, wakalia na kushangilia. Ila walisikiliza kama mahakimu. Tamthilia mpya ilipokwisha, mwigizaji alitoka mbele kutangaza kwamba itarudiwa, na makofi au mizomeo ya wakati huo ndiyo yaliyoamua kama itarudiwa kweli.

Mfano unaojulikana zaidi ni ule wa tarehe 2 Aprili 1796, wakati jumba lilipoonyesha Vortigern, mchezo uliodaiwa kuwa wa Shakespeare uliopotea na kupatikana tena, kumbe ulikuwa umetungwa na kijana aitwaye William Henry Ireland. Siku chache tu kabla ya onyesho, mwanazuoni Edmond Malone alikuwa amechapisha kitabu kinene kuthibitisha kwamba hati za Ireland ni za kughushi. John Philip Kemble, aliyecheza nafasi kuu bila kuiamini, alipofika kwenye mstari unaozungumzia kumalizika kwa mzaha huo mzito, aliutamka kwa namna iliyowafanya watu waangue kicheko kwa dakika nyingi, na kelele zilipotulia akaurudia. Mchezo huo haukuonyeshwa tena Drury Lane katika msimu ule wala misimu iliyofuata.

Kulikuwa na usiku mwingine, wa tarehe 15 Mei 1800, ambapo hatari ilikuwa ya kweli. Mfalme George III alikuwa ndiyo kwanza anaingia katika kijumba chake wakati James Hadfield, askari wa zamani aliyejeruhiwa vibaya kichwani vitani, alipompiga risasi kutoka uwandani na kumkosa. Mfalme alikataa kuondoka. Watu waliimba wimbo wa kumwombea, na Sheridan akatunga papo hapo ubeti wa ziada ulioimbwa usiku uleule. Wimbo huo wenyewe ulikuwa na historia katika jumba hili, kwani tarehe 28 Septemba 1745, wakati London ilipokuwa na hofu ya uasi uliokuwa ukitokea Scotland, waimbaji wa Drury Lane waliuimba mwishoni mwa onyesho kwa mpangilio wa Thomas Arne, na kuanzia hapo ukaenea hadi ukawa wimbo wa taifa.

Watu walijuaje kuna nini usiku fulani?

Kwa magazeti, kwa matangazo ya mdomo mwishoni mwa onyesho la jana yake, na zaidi ya yote kwa kipeperushi kilichochapishwa upya kila siku ya onyesho. Kipeperushi kilibandikwa kutani na kwenye nguzo, na kingine cha aina hiyohiyo kiliuzwa ndani ya jumba na wanawake wauza machungwa, ambao waliyapita mabenchi na vikapu vyao wakiuza matunda na habari kwa pamoja.

Kipeperushi cha miaka ya Garrick ni karatasi nyembamba, ndefu kuliko upana wake. Juu kabisa kuna jina la jumba, kisha maneno yanayotaja siku na tarehe ya leo, kisha jina la mchezo mkuu kwa herufi kubwa kupita zote. Chini yake yamepangwa majina ya wahusika na waigizaji, wanaume wote kwanza, wanawake baadaye, bila kujali nani ana maneno mengi zaidi. Hufuata nyimbo na dansi pamoja na majina ya wachezaji wake, jina la mchezo wa nyongeza na waigizaji wake, viingilio, saa ya kuanza, na mwishoni dua ya Kilatini ya kuwatakia mfalme na malkia maisha marefu. Mara nyingi mstari wa chini hutangaza mchezo wa kesho.

Mwigizaji mpya hakutajwa jina. Tarehe 29 Desemba 1775 kipeperushi kilisema tu kwamba Portia, katika tamthilia ambayo wasomaji wa Kiswahili wanaijua kwa tafsiri ya Mwalimu Nyerere, Mabepari wa Venisi, ataigizwa na binti ambaye anaonekana hapo kwa mara ya kwanza. Binti huyo alikuwa Sarah Siddons. Hakupendeza, akaachwa mwishoni mwa msimu, akarudi mikoani kufanya kazi kwa miaka kadhaa, na aliporejea Drury Lane tarehe 10 Oktoba 1782 watu wazima walilia hadharani kwa ajili yake.

Kwa nini ratiba ilibadilika karibu kila usiku?

Kwa sababu hadhira ilikuwa ileile. Waliokuwa na fedha na nafasi ya kwenda kwenye maigizo hawakuwa wengi, na walikwenda mara nyingi, kwa hiyo mchezo mmoja haukuweza kuonyeshwa miezi mfululizo kama inavyofanyika sasa. Msimu ulianza Septemba na kuishia Mei au Juni, usiku sita kwa wiki, Jumapili ikiwa mapumziko. Jumba lilifungwa pia tarehe 30 Januari, siku ya kukumbuka kukatwa kichwa kwa Mfalme Charles I, na katika wiki ya kuelekea Pasaka. Siku za Jumatano na Ijumaa za Kwaresima hazikuruhusiwa tamthilia, ingawa muziki wa kidini uliruhusiwa.

Katika usiku upatao 180 wa msimu mmoja, kundi liliweza kuonyesha michezo mikuu zaidi ya 50, mbali na michezo ya nyongeza. Mwigizaji alibeba kichwani nafasi kadhaa wa kadhaa, na nafasi aliyopewa ilikuwa yake kwa miaka, wakati mwingine mpaka uzeeni. Asubuhi walifanya mazoezi ya mchezo wa kesho au wa wiki ijayo, jioni wakacheza wa leo. Nikitazama orodha za wiki moja tu ya kazi hiyo, nawaheshimu watu wale kuliko ninavyoweza kueleza.

Usiku wa mapato ya mwigizaji ulikuwa nini?

Ilikuwa desturi kwamba kuanzia Machi kila mwigizaji mwenye cheo apewe usiku wake. Alichagua mchezo, akawaomba wenzake wamsaidie, na baada ya kukatwa gharama za jumba kwa usiku ule, mapato yote yakawa yake. Ndiyo maana vipeperushi vya majira ya kuchipua vina kitu kisichoonekana kwingine, yaani anwani za nyumbani za waigizaji, kwa sababu tiketi zilinunuliwa mlangoni kwao. Mpiga fidla, mcheza dansi na bawabu wa vijumba nao walipata usiku wao, ingawa wadogo waligawana mmoja kwa watu kadhaa.

Mwandishi wa mchezo mpya alilipwa kwa njia hiyohiyo. Mapato ya usiku wa tatu yalikuwa yake, na kama mchezo ulidumu, ya usiku wa sita na wa tisa pia. Mchezo uliozomewa usiku wa pili ulimwacha mtunzi wake mikono mitupu. Garrick mwenyewe alipoaga jukwaa tarehe 10 Juni 1776 mapato ya usiku huo aliyatoa kwa mfuko wa kuwasaidia waigizaji waliozeeka au kuugua.

Nani alihakikisha kwamba yote haya yanakwenda bila kukwama?

Mkumbushaji. Kazi yake ilianza kwa kuwanong'oneza waigizaji maneno waliyoyasahau, lakini ilikuwa kubwa kuliko hiyo. Alikaa pembeni mwa jukwaa na kitabu cha mchezo mbele yake, akipuliza filimbi ili mandhari zibadilishwe na kupiga kengele ili muziki uanze, akimtuma kijana wa kuwaita waigizaji kutoka chumba chao cha kungojea, akiwaandikia faini wachelewaji, na kuandaa maneno ya kipeperushi cha kesho. Richard Cross, na baada yake William Hopkins, waliishika kazi hiyo Drury Lane na wakaweka shajara fupifupi za kila usiku: mchezo gani, nani aliugua, nani alichukua nafasi yake, watu waliupokeaje. Tunayoyajua kuhusu miaka ya Garrick tunawiwa kwa kiasi kikubwa na wawili hawa, ambao majina yao hayakuandikwa kwa herufi kubwa popote.

Walionaje gizani?

Hapakuwa na giza. Mishumaa ya ukumbini haikuzimwa wakati wa onyesho, kwa hiyo watazamaji walionana usiku kucha, na wengi walikuja kwa ajili hiyo hasa. Jukwaa liliwashwa kwa taa za mafuta zilizopangwa mbele na kwa mishumaa iliyoning'inizwa juu, ambayo iliwadondoshea waigizaji nta na kuwakera macho waliokaa roshani ya juu. Garrick aliporudi kutoka safari yake ya Ulaya mwaka 1765 aliiondoa mishumaa ya juu na kuweka taa nyuma ya mbao za pembeni, mwanga ukawa unatoka mahali pasipoonekana. Baadaye alimwajiri mchoraji Philip James de Loutherbourg kwa pauni 500 kwa mwaka, naye akatumia hariri za rangi mbele ya taa kugeuza mchana kuwa machweo na machweo kuwa mbalamwezi. Gesi iliingia Drury Lane mwaka 1817.

Garrick ndiye pia aliyefanikiwa kuwaondoa watazamaji waliokuwa wakikaa juu ya jukwaa lenyewe, miongoni mwa waigizaji. Ili kufidia fedha zao alilipanua jumba mwaka 1762.

Je, Waafrika walionekana katika jumba hili?

Walionekana zaidi kama wahusika kuliko kama watu. Oroonoko, tamthilia ya Thomas Southerne kuhusu mwana wa mfalme wa Afrika ya Magharibi aliyeuzwa utumwani Surinam, ilionyeshwa kwa mara ya kwanza Drury Lane mwaka 1695 na ikabaki katika ratiba za London kwa zaidi ya miaka 100, lakini Oroonoko aliigizwa na Waingereza waliojipaka rangi usoni, sawa na Othello. Desemba 1759 Garrick aliionyesha ikiwa imehaririwa na John Hawkesworth, ambaye aliondoa vichekesho vyote ili mateso ya watumwa yasichanganywe na mzaha.

Kuna tukio moja la jumba pinzani la Covent Garden ambalo halifai kuachwa. Mwaka 1749 William Ansah Sessarakoo, mtoto wa mkubwa wa Anomabu katika Ghana ya leo, ambaye nahodha alikuwa amemuuza utumwani Barbados kabla hajakombolewa na kuletwa London, alipelekwa kuutazama mchezo huohuo. Magazeti ya wakati ule yaliripoti kwamba alizidiwa na uchungu, akaondoka kabla haujaisha. Watazamaji walimpigia makofi alipoingia. Biashara iliyomuuza ilikuwa halali kwa sheria za nchi yao, na iliendelea kuwa halali kwa karibu miaka 60 mingine.

Nani aliruhusu mchezo uonyeshwe?

Sheria ya mwaka 1737 iliagiza kwamba kila mchezo mpya, pamoja na mashairi yake ya utangulizi na ya kufungia, upelekwe kwanza kwa afisa wa kasri aitwaye Lord Chamberlain, ambaye aliweza kukata maneno au kuukataa wote. Mamlaka hayo yalifutwa mwaka 1968 tu.

Jengo la tatu liliunguaje?

Jengo hilo, lililochorwa na Henry Holland na kuchukua watu zaidi ya 3,600, lilijivunia kwamba haliwezi kuungua. Katika ufunguzi wa tamthilia mwezi Aprili 1794, mwigizaji Elizabeth Farren alighani shairi la kuwahakikishia watazamaji usalama wao, pazia la chuma likateremshwa na kugongwa kwa nyundo ili walisikie, kisha likainuliwa na kuonyesha maporomoko ya maji halisi yakimwagikia kwenye bwawa ambamo mtu alipiga makasia ndani ya mashua. Miaka 15 haikutimia. Usiku wa tarehe 24 Februari 1809, Ijumaa ya Kwaresima ambayo haikuwa na onyesho, moto uliliteketeza lote. Sheridan, ambaye pia alikuwa mbunge, alikuwa bungeni, ambako mwanga wa moto ulionekana madirishani. Wabunge walitaka kuahirisha kikao kwa ajili yake, naye akasema msiba wake binafsi usisimamishe shughuli za nchi. Inasimuliwa kwamba baadaye alikutwa kwenye mkahawa wa jirani na glasi mkononi, akauliza kama mtu haruhusiwi kunywa divai kando ya moto wake mwenyewe. Ukweli ni kwamba aliharibikiwa kabisa kifedha, na jengo jipya lilipofunguliwa hakuwa na sauti ndani yake.

Ni usiku gani mmoja unaostahili kukumbukwa kuliko mwingine wowote?

Watu watatofautiana. Mimi nachagua tarehe 26 Januari 1814. Jumba jipya lilikuwa likipoteza fedha, nje kulikuwa na theluji na matope, na mabenchi mengi yalikuwa matupu. Mwigizaji mfupi kutoka mikoani, Edmund Kean, alipewa nafasi ya Shylock, mkopeshaji fedha Myahudi katika Mabepari wa Venisi, baada ya mazoezi machache tu. Kwa desturi Shylock alivaa nywele bandia nyekundu na ndevu nyekundu, mavazi ya kuchekesha watu. Kean alitoka na nywele nyeusi, akiegemea fimbo yake, na akacheza mtu mwenye akili, uchungu na hasira zenye sababu. Waliokuwepo walikuwa wachache, lakini makofi yao yalizidi kukua sehemu hadi sehemu. Mhakiki William Hazlitt, aliyekuwa ametumwa na gazeti la Morning Chronicle, aliandika kumsifu, na ndani ya majuma machache tiketi zikawa hazipatikani.

Kuna desturi yoyote ya zamani iliyobaki?

Ipo moja nzuri. Robert Baddeley, mpishi aliyegeuka mwigizaji, alifariki mwaka 1794 na kuacha katika wasia wake pauni 100, ili faida yake inunue keki na kinywaji kwa waigizaji wa Drury Lane kila tarehe 6 Januari. Keki ya kwanza ilikatwa mwaka 1795, na kundi lolote linaloonyesha kazi yake hapo tarehe hiyo hukaribishwa kuila. Kazi zenyewe zimebadilika: tangu Oklahoma! ya mwaka 1947 jumba limekuwa hasa la michezo mikubwa ya muziki, ambayo huonyeshwa mfululizo kwa miezi au miaka, na Miss Saigon ilikaa humo kuanzia 1989 hadi 1999.

Nikitaka kuzisoma ratiba zenyewe, nianzie wapi?

Kalenda ya maonyesho ya London kuanzia 1660 hadi 1800, iliyokusanywa usiku kwa usiku na wanazuoni wa Marekani na kuchapishwa katika miaka ya 1960, sasa inapatikana bure kwenye intaneti kwa jina la London Stage, na vipeperushi vyenyewe vimehifadhiwa kwa wingi katika Maktaba ya Uingereza na makumbusho ya Victoria and Albert. Chagua wiki moja, si mchezo mmoja, usome kuanzia Jumatatu hadi Jumamosi pamoja na dansi, nyimbo na michezo ya nyongeza. Uwe mwangalifu na tarehe za kabla ya 1752, kwa kuwa Uingereza ilikuwa bado inafuata kalenda ya zamani, iliyokuwa nyuma ya ile ya nchi jirani kwa siku 10, na baada ya mwaka 1700 kwa siku 11, na mwaka wake wa kisheria ulianza tarehe 25 Machi, hivyo onyesho la Februari 1748 kwenye karatasi moja linaweza kuwa lilelile la Februari 1749 kwenye nyingine.